Kisu cha Mkono wa Kushoto

Fundi cherehani alikuwa akitoka chumbani na bakuli la vifungo pale alipomwona mumewe barazani, ameinamisha kichwa, kisu chake cha kukunja kakibana kwa meno. Alikuwa anajaribu kukifungua. Mpini ulikuwa kwenye mkono wa kushoto, meno yameling'ang'ania bapa mgongoni, penye kijishimo cha kutia ukucha. Akavuta. Bapa likatoka nusu, likamponyoka, likarudi ndani kwa mlio mkavu. Akapumua. Akaanza upya.

Mkewe alirudi nyuma hatua mbili, polepole, akajibanza nyuma ya pazia. Hakutaka mumewe ajue kuwa ameonekana.

Mume huyo, watu waliomjua walimwita Masikio. Si kwa sababu ya ukubwa wa masikio yake, ingawa hayakuwa madogo, bali kwa kuwa porini alimsikia mnyama kabla mwenzake hajasikia hata majani kutikisika. Alikuwa fundi wa pampu za maji, na hata pampu alizitibu kwa kusikiliza: anaegemeza sikio kwenye bomba, anafumba macho, kisha anakwambia beringi ipi imechoka. Msimu wa kuwinda ulipofunguliwa alichukua kibali, yeye na shemeji yake, yaani kaka wa mkewe, wakapotea siku tatu. Walirudi wananuka moshi, wanabishana nani alimwona mnyama kwanza, na nyama ikagawiwa mtaa mzima.

Miezi minane iliyopita kiharusi kilimwangusha akiwa anafunga viatu. Ulimi ulirudi baada ya wiki mbili. Mguu ulirudi kwa kujikokota. Mkono wa kulia ndio uliobaki pale pale mapajani, kama mgeni asiyejua aage saa ngapi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa mpira laini wa kuminya. Akauminya siku mbili, siku ya tatu ukakutwa chini ya kitanda. Binti yao, ambaye ni muuguzi, alikusanya visu vyote vyenye ncha akavifungia kwenye kabati la juu, na tangu siku hiyo mama mtu ndiye aliyemkatia mumewe nyama, viazi, hata tunda. Masikio alikula bila kutia neno. Hilo ndilo lililomtisha mkewe kuliko mguu na mkono. Mtu aliyezoea kubishana na redio sasa alikuwa akijibu "sawa" kwa kila kitu.

Kumbe alikuwa ameokoa kisu kimoja. Amekificha mfukoni, na sasa yuko nacho barazani mchana kweupe, anakivuta kwa meno. Jambo hilo lilimwingia fundi cherehani mpaka kushona kukamshinda. Alikaa mbele ya cherehani, miguu juu ya kanyagio, gurudumu limesimama, akawa anajiuliza jambo moja tu: hivi hakuna kisu kinachofunguka kwa mkono mmoja?

Asubuhi iliyofuata alisema anakwenda kutafuta zipu. Kile kisu cha zamani alikuwa amekitoa kwenye mfuko wa koti wakati Masikio anaoga, akakiviringisha kwenye kipande cha pamba, akakitia mkobani.

Duka la visu lilikuwa jembamba kama ujia, limebanwa kati ya duka la viatu na la miwani. Ndani mlinuka mafuta ya mashine, harufu anayoijua vizuri, na harufu hiyo ikamtoa woga. Mwenye duka alikuwa mwanamume wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, kidole kimoja kina plasta.

"Karibu, mama. Unatafuta cha jikoni?"

"Cha kuwinda. Kile cha kukunja."

Mwenye duka aliutazama mkoba wake, akayatazama mabega yake yaliyoinama kwa miaka ya kushona. "Ni cha zawadi?"

"Ni cha kazi."

Alitandika kitambaa kizito juu ya meza ya kioo, akapanga visu vitatu. Cha kwanza kilikuwa na bapa lenye michoro ya mawimbi na mpini wa pembe iliyosuguliwa mpaka ikawa kama kioo. Fundi cherehani alikinyanyua, akakirudisha.

"Hiki ni cha kutazamwa," alisema. "Wageni wakija kinatolewa, wakiondoka kinafichwa. Nionyeshe kingine."

Cha pili kilikuwa na springi. Mwenye duka alimwonyesha pa kugusa kwa kidole. Aligusa, bapa likachomoka kwa kishindo, kisu chenyewe nusura kimtoke mkononi.

"Na hiki kinarukia watu."

"Wengi wanakipenda, mama. Mkono mmoja tu unatosha."

"Mkono mzima mmoja. Sio mkono unaojifunza."

Fundi cherehani alichukua kisu cha tatu. Kabla hajakijaribu aliupeleka mkono wake wa kulia nyuma, akauchomeka ndani ya mkanda wa gauni, akakishika kisu kwa kushoto. Kidole gumba kilitafuta kinundu cha kusukumia bapa, kikakuta chuma kitupu. Kinundu kilikuwa upande wa pili. Akaomba kingine, chenye vinundu pande zote mbili. Hicho kilifunguka, kwa tabu, lakini kilifunguka. Uso wake ukachangamka. Basi akaanza kukifunga, na hapo ndipo balaa lilipotokea: kibati cha kuzuia bapa kilikuwa ndani ya mpini, kimekatwa kwa ajili ya gumba la kulia. Alipojaribu kukisukuma kwa kushoto ilimbidi apinde vidole mpaka vyote vinne vikajipanga mbele ya makali. Mwenye duka alimdaka kifundo cha mkono.

"Mama, taratibu. Wewe si wa kushoto."

"Si mimi."

Hapo alifungua mkoba, akatoa kile kipande cha pamba, akakikunjua juu ya meza. Mwenye duka alivaa miwani. Alikifungua kile kisu cha zamani, akakigeuza kwenye mwanga. Bapa lilikuwa limeliwa kwa kunolewa mpaka limekuwa jembamba kama jani la mhindi, lakini makali yalikuwa yamenyooka sawasawa toka penye mpini mpaka nchani.

"Wengi wakinoa huila ncha kwanza," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu anajua. Ni mkono gani umelala?"

"Wa kulia. Ni mume wangu."

Hakusema pole. Alikwenda mlangoni, akageuza kibao kilichoandikwa *Narudi sasa hivi*, akaanza kuvuta droo moja baada ya nyingine. Kisha akauingiza mkono wake wa kulia mfukoni, akachukua kisu kwa kushoto, akaanza kujaribu na yeye. Mtu angechungulia dirishani angeona watu wazima wawili, kila mmoja kaficha mkono mmoja, wanapokezana visu kama watoto wanaocheza mchezo ambao kanuni zake wanazitunga papo hapo. Kila kilichomshinda mmoja wao kilirudishwa drooni. Baadaye vilibaki vinne, na vyote vinne vilikuwa na kufuli mgongoni.

"Hili halichagui mkono," mwenye duka alieleza. "Unabonyeza hapa mgongoni, bapa linalegea. Na tazama hapa chini, karibu na mpini, hapana makali. Likianguka, linaangukia kidole kwenye sehemu butu. Halafu unaliegemeza kwenye paja, unamalizia kulifunga."

Fundi cherehani alifanya hivyo. Bapa lililegea, likagota kidole chake cha shahada, likatulia. Hapakuwa na damu. Akarudia mara sita. Mara ya saba alifanya akiwa amefumba macho.

"Sasa tuzungumze pua, chuma chenyewe cha bapa," alisema mwenye duka.

Alimwonyesha viwili. Kimoja kilikuwa cha pua isiyoshika kutu: kinang'aa, unaweza kukiacha kwenye beseni usiku kucha na kisidhurike. Makali yake hukaa sana, lakini siku yakiisha, kuyarudisha ni kazi ya kutoka jasho. Cha pili kilikuwa cha pua ya kaboni, pua ya zamani isiyochanganywa na kitu cha kuizuia kutu. Jiwe la kawaida linatosha, mara kumi huku, mara kumi kule, makali yanarudi kama wembe. Ila kinataka kufutwa, kinataka mafuta, na hata hivyo bapa litabadilika rangi kidogo kidogo, liwe la kijivu, baadaye la samawati.

"Na kikisahauliwa?"

"Siku tatu tu kitaonyesha madoa. Kwa mgonjwa, mama, mimi ningesema chukua kisichoshika kutu. Hakina usumbufu."

Fundi cherehani alikichukua kile cha pili. Alikuwa anaufikiria mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, alioupata kwa mwalimu wake wa ushonaji. Binti yake aliwahi kumnunulia mwingine, mpya, mwepesi, usiodai chochote. Aliutumia mwezi mmoja akauacha. Haukuwa na ubaya. Ila wakati wa kuunoa mkasi wa zamani, kila Ijumaa alasiri, mlango umeegeshwa na redio inasema polepole, ulikuwa ni wakati wake, na mkasi mpya ulikuwa umemnyang'anya.

"Miezi minane watu tunamwondolea usumbufu," alisema hatimaye. "Usumbufu wa kukata, wa kubeba, wa kufunga viatu. Tumemwondolea mpaka hana la kufanya. Nipe hicho cha kushika kutu. Nataka kitu kinachomhitaji."

Mwenye duka alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

Ulibaki mpini, maana kisu hicho kilikuwa na mipini ya aina tano. Pembe ilikuwa nzuri lakini ikilowa inateleza, na mkono wa kushoto wa Masikio haukuwa na nguvu wala ujanja wa kushika kitu kinachoteleza. Mfupa ulikuwa baridi. Mpingo ulikuwa mzito. Ulivuta kisu kizima upande wa nyuma. Plastiki ngumu ilishika vizuri, lakini fundi cherehani aliigonga kwa ukucha, akakunja uso, akasema inalia kama sahani ya pikiniki. Ndipo mwenye duka akatoa wa mwisho, wa rangi ya kahawia iliyokolea, usio na mng'ao wowote.

Aliushika, na kabla hajaambiwa kitu vidole vyake vikajua. Aliuinamia, akaupitisha gumba taratibu.

"Hiki ni kitambaa."

"Ndicho. Turubai. Wanaitandaza tabaka juu ya tabaka, wanaimwagia gundi, wanaikandamiza kwa mashine mpaka inakuwa ngumu kama ubao. Halafu wanaichonga. Ikilowa maji, au damu, ndipo inaposhika zaidi."

"Imekatwa kwa mshazari," alisema fundi cherehani. "Tazama nyuzi zinavyotokeza hapa kwenye mkunjo. Aliyekata alijua kitambaa."

Alilipa bila kupunguziwa wala kuomba kupunguziwa. Kibao cha mlangoni kilikuwa kimekaa vile tangu asubuhi, na sasa ilikuwa inakaribia adhuhuri. Alifika nyumbani ndipo akakumbuka hakununua zipu.

Alimpa alasiri, baada ya chai. Aliviweka visu vyote viwili mezani, cha zamani na kipya, akaketi. Masikio alivitazama muda mrefu. Alielewa mara moja. Alikuwa mtu wa kuelewa mitambo. Aliona vinundu pande zote mbili, akaona kufuli la mgongoni. Mishipa ya shingo ikamsimama.

"Umemweleza muuza visu habari za mkono wangu."

"Nimemweleza."

"Basi kirudishe."

"Baba nanii, jaribu kwanza."

"Mimi siwindi tena. Kirudishe, au ukatie nyuzi zako."

Aliinuka, akajikokota hadi chumbani, akafunga mlango. Hakuubamiza. Laiti angeubamiza, mkewe angepata nafuu.

Fundi cherehani hakukirudisha. Alikitia kwenye droo ya cherehani, kati ya chaki na vibiringo vya uzi, na wakati wa chakula cha jioni akasema tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Kiko kwenye droo ya cherehani. Kama nyuzi zitakuwa nyingi nitakukata wewe pamoja nazo." Masikio alikaribia kucheka. Akajizuia, akala.

Siku nne zilipita. Siku ya tano, fundi cherehani aliporudi kutoka kupeleka sare za shule kwa mteja, alikuta droo imefungwa mpaka mwisho. Yeye mwenyewe huwa anaiacha wazi kidogo kwa sababu inakwama. Alikivuta kisu, akakifungua. Juu ya bapa, lililokuwa jipya na safi, palikuwa na alama ya gumba, na juu ya alama hiyo kutu nyepesi ya rangi ya chai imeanza kuota. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kitambaa cha kufutia. Kisha akauzuia. Alikirudisha kisu jinsi alivyokikuta, na doa lake, akaendelea na kazi kama msichana aliyeficha barua.

Kesho yake doa halikuwepo. Kikopo cha mafuta ya cherehani kilikuwa kimepungua, na bapa zima lilikuwa linanukia kama mashine yake.

Wala hakuuliza. Ila alishona mfuko mdogo wa turubai, akaujaza mchanga, akaacha juu yake nafasi ya kutosha jiwe la kunolea lisiteleze. Aliuacha barazani kwenye kiti cha mumewe, akaenda zake sokoni.

Jumamosi binti yao alikuja, amechoka na zamu, anatafuta uzi mweupe wa kushonea kifungo cha sare. Akavuta droo. Fundi cherehani alikuwa jikoni, akasikia ukimya wa ghafla, akajua.

"Mama, hiki ni nini?"

"Ni kisu."

"Naona ni kisu. Kiko hapa kinafanya nini? Tulikubaliana. Baba upande mmoja hauhisi. Akijikata hatajua."

"Nitaona damu," ilisema sauti toka mlangoni.

Masikio alikuwa amesimama pale, bega limeegemea fremu. Binti aligeuka, kisu mkononi. "Baba, sitanii."

"Hata mimi. Kirudishe mahali pake, mwanangu. Kisu hicho ni changu."

Fundi cherehani alishikilia ukingo wa meza. Ilikuwa miezi minane hajasikia mumewe akisema kitu chochote ni chake.

Binti hakukirudisha. Alimfuata baba yake barazani, akaketi mbele yake, magoti kwa magoti, kwa sura ile ile anayowatolea wagonjwa wakaidi. "Basi nionyeshe. Ukinishinda, nitanyamaza."

Masikio alikipokea kwa kushoto. Mara ya kwanza gumba liliteleza. Mara ya pili bapa lilifika nusu, likarudi. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Mkewe, aliyesimama nyuma ya pazia lile lile, alikuwa akisukuma gumba lake hewani bila kujijua. Mara ya tatu bapa lilizunguka, likakaa, kufuli likasema *tak*.

"Na sasa ninoe," alisema Masikio, kana kwamba hajafanya kitu. Aliweka jiwe kwenye mfuko wa mchanga. Akanyanyua mkono wa kulia kwa kushoto, kama mtu anavyombeba paka aliyelala, akaviweka vile vidole vilivyolala juu ya bapa viwe uzito. Kisha akaanza, polepole, mbele na nyuma.

Binti alikuwa ameinama. Alitazama jiwe, akatazama bapa, kisha macho yake yakaganda.

"Baba. Hicho kidole cha mwisho umekibonyeza wewe?"

"Kipi?"

"Hiki. Rudia."

Alirudia. Kidole kidogo cha mkono wa kulia, kile kilichokataa mpira na mafuta na maombi, kilibonyea juu ya chuma. Kidogo sana. Lakini kilibonyea, kikaachia, kikabonyea tena. Binti alikishika kwa mikono yake miwili, na uuguzi wote ukamtoka. Alilaza paji la uso kwenye goti la baba yake, akakaa hivyo. Masikio aliweka kisu chini kwanza, akahakikisha makali yametazama mbali, ndipo akamshika kichwa.

Juma lililofuata binti alileta glavu nene za wachinjaji, na amri kwamba zivaliwe. Zilivaliwa mara mbili, halafu zikaenda mahali mpira ulikokwenda. Ila kunoa hakukusimama. Kila alasiri, saa ambayo mkewe alikuwa na cherehani yake, yeye alikuwa na jiwe lake, na milio miwili ikawa inapishana nyumbani. Bapa lilianza kugeuka kijivu. Siku moja Masikio alimwita mkewe atazame mahali ambapo rangi ya samawati imeanza, akamwonyesha kwa fahari kana kwamba ni jino la mtoto.

Shemeji alikuja msimu ulipokaribia. Alikuwa mtu mrefu wa maneno mengi, na kwa muda wote wa ugonjwa maneno hayo yalikuwa yamempungukia. Alikuwa akija, anakaa, anakohoa, anaondoka. Alikishika kisu, akasikilizishwa habari zote za aina ya chuma chake.

"Pua ya kaboni," alisema Masikio.

"Enhe," alisema shemeji. "Basi sasa mwanamume una masikio na pua. Imebaki tukutafutie macho, maana yule swala wa mwaka juzi nilimwona mimi."

"Ulimwona baada ya mimi kukugeuza shingo."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Fundi cherehani aliwasikiliza toka ndani, sindano imesimama kwenye kitambaa, hakutaka hata mlio wa gurudumu uwakatize.

Mwisho wa ubishi shemeji alisema, kwa sauti nyingine, "Twende. Bunduki nitabeba mimi. Wewe sikiliza."

"Na mnyama akianguka? Mkono mmoja hauwezi kushika mguu na kuchuna."

"Nitashika mimi."

"Wewe hujui kushika. Unavuta kama unang'oa muhogo." Masikio alisita. Aligeuka kuelekea mlangoni. "Mwenzangu anajua kushika kitu kisihame. Kazi yake ndiyo hiyo."

Fundi cherehani alikuwa ameolewa miaka thelathini na mitatu, na hakuwahi hata siku moja kukanyaga huko walikokuwa wakienda. Hakuwahi kualikwa, na hakuwahi kuulizia. Alivaa suruali ya mumewe, akaipunguza kiunoni kwa pini nne.

Walikwenda kwa gari la shemeji, wakafika kabla ukungu haujaondoka. Walitembea mwendo wa Masikio, hatua na mkokoto, na shemeji, aliyekuwa na miguu mirefu kama ngazi, hakutangulia hata mara moja. Saa ya pili Masikio aliinua kidole. Wenzake hawakusikia kitu. Alielekeza upande wa kichaka cha miiba, wakangoja muda mrefu, hadi fundi cherehani akaanza kudhani kuwa masikio nayo yamezeeka. Ndipo swala dume akajitokeza, anatafuna, bila haraka. Shemeji alipiga mara moja tu.

Kazi ya kuchuna ilianza. Fundi cherehani alipiga magoti, akashika mguu wa nyuma kwa mikono miwili, akaukaza kama anavyokaza kitambaa kizito kinapopita chini ya sindano. Masikio alifungua kisu kwa gumba la kushoto. Alianza paja, akateremka. Mkono ulikuwa mgumu, mikato mifupi mifupi, na mara mbili alisimama kupumua. Damu ililowesha mpini, lakini mpini haukuhama. Shemeji alisogea kutaka kusaidia. Dada yake alimtupia jicho moja, naye akarudi alikokuwa, akaanza kusafisha bunduki iliyokuwa safi.

Walipofika tumboni mkono ulikataa. Ulianza kutetemeka, na Masikio aliutazama ukitetemeka. Fundi cherehani aliendelea kuukaza mguu. Alingoja aone kama sura ile ya "sawa" itarudi.

Haikurudi. Masikio alikigeuza kisu, akamwelekezea mpini.

"Shika wewe. Nitakuelekeza."

"Nitaharibu ngozi."

"Huharibu. Usitumie nguvu. Tafuta pale ngozi na nyama zinapoachana zenyewe. Kuna mstari mweupe, mwembamba, kama utando. Umeuona? Huo ndio mshono wake. Makali yatazame ngozi, yasitazame nyama."

Aliuona. Aliugusa kwa ncha, na ngozi ikaachia kwa urahisi uliomshangaza. Akaendelea. Masikio alikuwa amekaa chini karibu yake, mguu mbaya umenyooshwa, mkono wa kushoto umeikamata ngozi na kuivuta taratibu kadiri mkewe anavyokata, na ule wa kulia ameulaza juu ya ubavu wa mnyama, wenye joto bado. Walifanya hivyo hadi jua likawa kali, bila maneno mengi. "Hapo." "Hapa?" "Chini kidogo." "Hivi?" "Hivyo hivyo."

"Wewe," alisema Masikio baadaye, bila kuinua macho, "nilikosea kusema urudishe."

"Najua."

"Na nilichelewa kukuleta huku."

Fundi cherehani alifuta bapa kwa nyasi, kisha kwa kitambaa, akampa mumewe akikunje mwenyewe, naye akakilegeza, akakiegemeza kwenye paja, akakifunga.

Njiani kurudi walibanana watatu kiti cha mbele, nyama nyuma imefunikwa. Shemeji aliendesha huku anasimulia upya jinsi alivyomwona swala, na safari hii hakuna aliyembishia; Masikio alikuwa ameinamisha kichwa begani kwa mkewe, hajalala, anasikiliza injini.

"Ina kitu," alisema. "Upande wa kushoto. Mkanda umelegea."

"Gari langu halina kitu," alisema shemeji. "Msimu ujao nikuchukulie kibali, au umeshiba?"

"Chukua."

"Cha mmoja?"

Masikio alimtazama mkewe. Alikuwa na damu iliyokauka mpaka kwenye viwiko, majani kwenye nywele, na pini moja ya kiunoni ilikuwa imefunguka inamchoma, naye akiitafuta kwa vidole bila mafanikio.

"Muulize mwenyewe," alisema.